Wimbo Asioumaliza Natalia

Mnada wa Katesh siku hiyo ulikuwa na ng'ombe wengi kuliko adabu. Joakimu, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Dongobesh, alikuwa juu ya pikapu, suruali ya ngozi imembana hadi kina mama tukamwonea huruma. Waya wa spika ukamnasa mguu Natalia, binti wa Kibarabaig, shanga hadi kifuani. Kibuyu chake cha maziwa kikapasuka.

"We Gidahosh! Utanilipa kwa gitaa?"

Gidahosh ni jina la baba yake Joakimu, lakini bendi ilikuwa imeliandika kwenye mabango, na kila mtu alimwita hivyo.

"Nitakulipa kwa chai, mrembo."

"Chai ya maziwa yapi?"

Ikanywewa ya rangi, mapenzi yakaanza. Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, simu nazo ngeni. Natalia alipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao.

"Gidahosh wangu, umekula?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Basi utakonda."

Siku moja Joakimu akajikaza. "Natalia, nikuoe?"

Natalia akacheka, akakata simu. Kesho yake akapiga: "Haloo, wewe."

"Wewe nani? Niite jina langu."

"Wewe huyohuyo."

Ikawa hivyo kila siku. Wewe, wewe, kama anafukuza mbuzi. Joakimu akaona ameshaachwa. Akaacha kupokea simu, akatunga wimbo wa kuliza: *Niite Gidahosh, hata kwa hasira.* Redio zikaupenda. Watu wakautaka hata harusini, bila aibu. Misimu ikapita, aliimba mpaka huzuni yenyewe ikamchosha.

Natalia naye alichoka kukataa wachumba wenye ng'ombe. Akapanda gari hadi Dongobesh, akamkuta ukumbini mchana, anakunja waya.

"Umekonda. Nilikwambia."

"Umenikondesha wewe. Ulinikataa."

"Lini?"

"Ulipoacha kuniita Gidahosh."

Natalia akaziba masikio. "Hilo ni jina la nani?"

"La marehemu baba."

"Sasa baba mkwe wangu nimtaje ovyo kama ndama? Kwetu mke hataji jina la baba wa mumewe. Uliponiuliza, nikaliacha siku ileile. Hilo ndilo lilikuwa jibu! Ulitaka nipige kelele kichuguuni?"

Joakimu akakaa juu ya spika. Baba yake Mbarabaig alifariki yeye akiwa mchanga. Alilelewa na mama yake Mwiraqw, akakulia kwenye kwaya. Nani angemfundisha?

"Kumbe nimezunguka mkoa mzima nikilia kwamba umekubali."

"Na nguo imekubana hivyo."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. "Bado unanitaka, Natalia?"

"Haya, wewe."

Harusini watu waliulazimisha ule wimbo. Ukumbi mzima ukapaza jina la baba mkwe. Bibi arusi peke yake kafumba mdomo. Mpaka leo Joakimu akifika kwenye jina hilo huweka kiganja juu ya nyuzi, bendi ikanyamaza kidogo. Wageni hudhani umeme umekatika.