Msalaba Usioonekana Beirut

Siku ile jua la Thika lilikuwa kali mpaka kuku wa Makongeni wakataga mayai yaliyokwisha kuchemka. Anayebisha akaulize kuku. Katika joto hilo, ndani ya soko la Madaraka, watu wakiwa wamebanana kama punje kwenye gunzi, alipita kijana mrefu aitwaye Sifuna, fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, amebeba begani paipu ya plastiki ya futi sita. Mtu mwenye futi sita begani hapaswi kugeuka sokoni. Sifuna aligeuka.

Paipu ikazunguka naye na kumpiga kofi msichana aliyekuwa akichagua mitumba. Kofia yake ikaruka, ikatua juu ya lundo la dagaa wa omena.

"Haiya! Wewe fundi wa choo, unataka kuniua?"

Sifuna akageuka tena kuomba radhi, na paipu nusura irudie kazi. Msichana akainama kwa wakati. Alikuwa amevaa gauni la manjano lenye vifungo vyeupe kutoka shingoni hadi magotini, na macho yake, hata yakiwa yamekasirika, yalikuwa yanakaribia kucheka.

"Pole, madam. Pole sana. Lakini mimi si fundi wa choo. Hii ni darubini."

"Hii ni darubini? Basi mimi ni ndege ya Entebbe."

"Bado haijaisha. Nitaitia vioo vya miwani. Ukichungulia utaona milima ya mwezini."

"Na omena iliyoingia kwa kofia yangu, nitaiona na nini?"

Aliitwa Ngendo, msusi wa nywele kutoka Gatongora kule Ruiru, amekuja Thika kununua nywele za jumla. Sifuna aliondoka na ile kofia ili aifue. Aliifua mara tatu, na harufu ya omena haikutoka, lakini nambari ya simu aliipata.

Jumapili iliyofuata Ngendo alipanda ngazi hadi paa la ploti ya Makongeni alikopanga Sifuna, mahali pa kuanikia nguo, akachungulia kwenye paipu.

"Hiyo ni Zohali," Sifuna akasema. "Unaona pete yake?"

"Naona kitu kina masikio."

"Hayo masikio ndiyo pete."

"Ya masikio huitwa herini, Sifuna. Hata nyota zenu hamjui kuzivalisha?"

Alicheka mpaka darubini ikaanguka. Wakapendana hivyo, bila kuulizana makabila, ingawa mama yake Ngendo aliuliza mara moja na wazee wa Sifuna mara saba. Mwaka mmoja na miezi minane walitembea pamoja. Sifuna alimfundisha nyota. Yeye akamfundisha Sifuna kunyoa ndevu bila kujichinja.

Kisha akaja ajenti, mtu wa suti ya kijivu na maneno laini. Kulikuwa na kazi ya nyumba Beirut, miaka miwili tu. Ngendo alikuwa ameota saluni yake mwenyewe tangu akiwa darasa la sita.

"Usiende," Sifuna akasema.

"Nisipoenda nitasuka nywele kwa kiti cha mtu mpaka nizeeke. Utanipenda nikiwa na mgongo kama ndoano?"

"Nitakupenda hata ukiwa ndoano kamili."

"Mwongo wewe." Akamshika shavu. "Nipe kitu cha kwenda nacho."

Sifuna akampa mbingu, kwa vile ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Kila Jumapili, saa moja unusu jioni, Ngendo atazame Msalaba wa Kusini kule aliko, naye Sifuna autazame hapa. Macho yao yatakutana hapo. Ilikuwa ahadi tamu. Ubaya wake ni kwamba mtoaji hakuwa amewahi kuvuka hata mpaka wa Namanga, na alidhani mbingu ni moja kila mahali, kama bendera.

Mwezi wa nne Ngendo akaondoka. Jumapili akaanza kupiga, dakika kumi tu, kwa maana mwajiri wake aliwapa wafanyakazi wa nyumba simu kwa kipimo.

"Beibi, umeuona?"

"Nimeuona."

"Uko wapi?"

"Uko... juu ya bahari. Umelala upande."

Sauti nyingine ikadakia kwa nyuma: "Mwambie atuletee nyota moja tuwashie jiko!"

"Huyo ni nani?"

"Ni Lynn, wa hapo kwenu Thika, Kamenu. Tunafanya kazi nyumba moja. Ana pumu, lakini mdomo wake haujawahi kukosa pumzi."

Sifuna akacheka, akautazama Msalaba ukiwa umesimama wima juu ya bomba la moshi la kiwanda, akalala na furaha ya kutosha wanaume wanne.

Mambo yakaharibika mwezi wa saba, na yaliharibiwa na kitabu. Sifuna alikiokota kwa wauza vitabu vya kando ya barabara, kitabu cha nyota kisicho na jalada, chenye jedwali la miji ya dunia. Akatafuta Beirut. Akapiga hesabu kwa penseli. Akapiga tena. Huko kaskazini Msalaba wa Kusini hauchomozi. Si kwamba ni hafifu, wala si kwamba majengo yanauziba. Hauchomozi kabisa, hata usiku mmoja wa mwaka.

Mtu mwenye akili angesema, nimekosea kumpa mpenzi wangu msalaba usioonekana. Sifuna alikuwa na akili, lakini siku hiyo aliiweka kando, akaazima ya Philip, mwenzake wa zamu, mtu ambaye angeweza kumshawishi mamba anunue viatu vya ngozi.

"Kaka, hesabu haidanganyi," Philip akasema. "Anasema ameuona. Kwa hivyo yuko mahali unapoonekana. Unaonekana wapi?"

"Hapa."

"Na Gatongora?"

"Hata Gatongora."

"Basi Beirut iko Gatongora. Na kuna mwanaume ndani."

Jumapili hiyo Sifuna hakuuliza kuhusu nyota.

"Washa kamera."

"Siwezi, beibi. Kamera imeharibika."

"Tangu lini?"

"Tangu... Sifuna, mbona sauti iko hivyo? Niambie kitu kizuri, dakika zinaisha."

"Washa kamera, Ngendo."

"Siwezi."

Jumatatu akatoroka zamu, akaenda Ruiru. Wamboi, dadake Ngendo, alifungua lango la Gatongora nusu, akasimama katikati yake.

"Shemeji. Ungepiga simu kwanza."

"Ngendo yuko wapi?"

Wamboi akatazama nyuma, kwenye mlango wa nyumba. "Si unajua yuko kazini."

"Wapi?"

"Tafadhali, punguza sauti. Nakuomba."

Juu ya bega lake Sifuna aliona kamba ya nguo. Gauni la manjano lilikuwa linaning'inia, vifungo vyeupe vyote mahali pake, likidondosha maji. Limefuliwa asubuhi hiyo. Hakuuliza swali la pili. Alirudi Thika, akamfungia Ngendo na dadake kila mlango wa simu uliokuwako wasimpate, hata kwenye simu ya kazini.

Mwezi wa tisa alikuwa hotelini anakula chapati madondo, yale maharagwe mekundu, televisheni ikaanza kuonyesha Beirut ikipigwa mabomu. Majengo yalikuwa yanainama kama watu waliopigwa tumboni. Mama wa hoteli akashika kichwa: "Ngai! Watoto wetu walioko huko!" Watu wakaacha kutafuna. Sifuna peke yake aliendelea kula. Ilimjia fikira ambayo hatawahi kuisahau, kwa sababu ilimjia pamoja na furaha ndogo: afadhali. Afadhali uongo wake, umemwokoa.

Katikati ya mwezi wa kumi ilikuja nyota yenye mkia. Jua lilipozama Sifuna aliibeba darubini hadi uwanjani, akaipata magharibi, mkia wake umenyooka kama ufagio. Alikuwa bado ameinama aliposikia hatua. Akainua kichwa, akaliona gauni la manjano linakuja, na moyo wake ukaruka kwa hasira.

Alikuwa Wamboi.

"Hilo gauni," Sifuna akasema. Hata salamu alisahau.

"La Ngendo. Aliniachia akienda, akasema nilivae lisiliwe na mende." Wamboi alikuwa amevimba macho. "Nimekutafuta wiki mbili. Umebadilisha nambari?"

"Yuko wapi?"

"Mbona kila mara unauliza hivyo? Yuko Beirut! Ameenda wapi tena? Analala kando ya bahari na watu wengine. Wenye nyumba walikimbilia milimani siku mabomu yalianza. Wakawafungia ndani yeye na Lynn, wasiibe. Siku nne, Sifuna."

"Ile siku nilikuja, ulinizuia langoni."

"Mama alikuwa nyuma ya mlango! Ana presha. Ngendo alikuwa ameniambia kwamba wanalala kwa stoo ya jikoni, haina dirisha, na kwamba yule mama humpiga. Uso wake ulikuwa umefura, hata kamera hakutaka kuwasha. Nilikuwa nimeapa mama hatajua. Ningesema nini langoni?"

Sifuna akaketi kwenye nyasi. Ilimchukua muda kuipata sehemu ya simu ya kufungulia mtu aliyefungiwa.

Iliita mara moja tu.

"Ni wewe?" Nyuma yake kulikuwa na mawimbi, na mtoto analia.

"Ngendo. Mpenzi. Nisamehe."

"Uko nje? Unaiona ile yenye mkia?"

"Naiona. Ngendo, sikiliza—"

"Mimi pia naiona. Huku stima hakuna, mji wote ni giza, ndiyo nyota zimejaa. Nimejifunza, Sifuna. Natazama kila siku, nikiwafundisha hawa wengine. Nyota ukiikazia macho inakaa. Ile inayosonga na kunguruma ni droni, unaamsha watu. Mimi ndiye huwa naamsha watu. Msalaba wako nimeutafuta siku kumi. Haupo."

"Najua."

"Ulijua lini?"

Angeweza kusema leo. "Mwezi wa saba."

Mawimbi yakapiga mara tatu, nne.

"Na hukuniambia," Ngendo akasema, na simu ikakatika.

Ngendo alirudishwa nyumbani mwishoni mwa mwezi huo, katika ndege ya kuokoa watu. Hakumpigia Sifuna. Maiti ya Lynn ilifika Desemba, na mazishini ndipo Sifuna alipomwona. Watu walikuwa wamerudi kwao marehemu, Kamenu, chini ya hema la kukodi. Ngendo alikuwa amevaa sketi nyeusi na sweta kubwa ya mtu mwingine. Alikuwa amekonda, nywele zimekatwa. Sifuna alimfuata hadi penye matangi ya maji.

"Nakusikiza," Ngendo akasema. "Sema."

Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yake mwezi mzima, sasa yakatoka yote mara moja. Alikosea. Alikuwa mjinga. Ampe nafasi, Januari alete wazee Gatongora, wafanye mambo yawe wazi. "Nataka kukuoa, Ngendo. Hata leo."

"Wazee wako wakiulizwa huyu kijana ni mtu gani, watasema nini?"

"Watasema alikosa, na anakupenda."

"Najua unanipenda." Alisema bila ukali, kama mtu anayekubali kwamba mvua imenyesha. "Pampu ya pumu ya Lynn iliisha siku ya pili. Simu waliyotuachia ilikuwa na chaji asilimia tisa. Tulikubaliana tumpigie mtu mmoja. Wamboi angepiga nduru, mama asikie. Nikasema Sifuna ana akili, atajua wa kuita. Nilikupigia mara kumi na tisa."

Sifuna akaitoa simu mfukoni, akairudisha.

"Lynn ndiye aliniambia nikudanganye kuhusu Msalaba. Tulikuwa kwa stoo, mbele yetu ukuta. Akasema, mwambie umeuona, mpe raha, mwanaume yuko mbali." Akapangusa pua kwa mkono wa sweta. "Siku ya tatu akaniuliza, Sifuna ameshika simu? Nikamwambia ameshika. Anatafuta mtu wa kuja kufungua. Akasema nikusalimie. Akalala, hakuamka tena. Jirani mzee alivunja kufuli kesho yake."

"Ngendo..."

"Siwezi kulala nyumba moja na hiyo simu, Sifuna. Sijakulaani. Siwezi tu."

Mama mmoja mfupi, leso imefungwa kiunoni, alikuwa anakuja kwao na sahani ya pilau mikononi. Ngendo akamwona, akasema haraka, kwa sauti ya chini: "Mamake. Nilimwambia vile nilimwambia Lynn, kwamba ulishika simu."

Mama Lynn alimwekea Sifuna sahani mikononi, kisha akaishika mikono yake pamoja na sahani.

"Wewe ndiye wa nyota. Ndiye ulishika simu."

Sifuna akatazama pilau.

"Mungu akubariki, mwanangu. Wengine watoto wao wamekufa wakidhani hakuna mtu anajua. Wangu alijua mtu anamtafutia." Macho yake yalikuwa makavu na makubwa. "Nimetaka kukuuliza. Ulimsikia? Alikuwa analia?"

Sifuna alimtazama Ngendo. Ngendo alikuwa anamtazama yeye, kwa uso ambao haukuomba wala haukusamehe.

"Nilimsikia, mama," Sifuna akasema. "Hakuwa analia. Alikuwa anamchekesha Ngendo. Alisema nimtumie nyota ya kuwashia jiko."

"Huyo ni yeye," Mama Lynn akasema. "Uui, huyo ndiye yeye kabisa!" Akacheka mara moja, kicheko kikamvunjikia kooni, wanawake wawili wakaja kumshika.

Ngendo akavuta sweta mabegani. Akamwashiria Wamboi, aliyekuwa amekaa chini ya hema, kwamba wakati wa kwenda umefika, na wakatoka langoni wakishikana mikono, bila kuangalia nyuma.

"Kula, mwanangu," Mama Lynn akasema katikati ya kilio. "Kula, kinapoa."

Sifuna akala. Akala yote, punje kwa punje, yule mama akimtazama.