Inaganda Nikiongea na Wewe

Saa nne asubuhi Mtaa wa Aggrey ulikuwa umefurika. Amira alikuwa amekumbatia sipiyu iliyofungwa kwa kanga, dera lake la zambarau likiburuza vumbi. Mkokoteni ukamjia mbio, akaruka pembeni, kiwiko chake kikampiga mbavuni kijana aliyesimama mlangoni pa duka la kutengeneza kompyuta.

"Pole, dada," kijana alisema, huku mbavu ni zake. "Mgonjwa anasumbuliwa na nini?"

"Anaganda. Mshale hausogei, kibodi haijibu, mpaka nizime kwa nguvu. Na ndani kuna Linux, si Windows. Kama huijui, usinipotezee muda."

"Naitwa Shukuru. Hiyo Linux ndiyo ninayotumia mwenyewe. Lete."

Amira alikuwa mchoraji wa nakshi za kanga. Mzee Manubhai, mwenye duka la vitambaa mtaa wa pili, alitaka michoro sita Ijumaa mchana. Akichelewa, kazi inakwenda kwa mwingine. Ilikuwa Jumatatu. Hakutulia. Hata chakula hakugusa. Saa nane akampigia Shukuru simu.

"Umeona nini?"

"Joto liko sawa. Memori nimeipima, nzima. Rekodi za mfumo zinakatika tu ghafla, haziandiki kosa. Umekula?"

"Unaipima kompyuta au unanipima mimi?"

"Naweza vyote viwili, mrembo."

Amira alikata simu akitabasamu, kisha akajikasirikia kwa kutabasamu.

Siku mbili Shukuru aliisukuma mashine ile kwa majaribio, haikuganda hata mara moja. Jumatano akairudisha Magomeni, nyumbani kwa Amira. Jioni akapiga kujua hali yake. Wakacheka, wakataniana, Amira akizunguka chumba kizima. Alipogeukia kioo cha kompyuta, kila kitu kimesimama. Ua alilochora saa nzima limepotea. Alhamisi alipopiga tena, ikawa vilevile.

"Shukuru, kila nikiongea na wewe inaganda!"

"Ukiwa unachora haigandi?"

"Haigandi!"

"Hebu niambie, ukiongea na mimi mikono yako huwa wapi?"

Damu ikampanda Amira usoni. "Huna haya! Mimi nakosa riziki, wewe unaleta uhuni? Kumbe ni kweli mnavyosemwa, mafundi mnaharibu makusudi ili mteja arudi!"

Akakata, akaizuia namba yake. Akakaa, akasimama, akafungua dirisha, akalifunga. Kilichomuuma zaidi ni kwamba tayari ameshaikumbuka sauti ile.

Ijumaa asubuhi hodi ilipigwa. Mama yake akafungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Amira alitoka na uso wa kufukuza mtu. Shukuru hakuketi.

"Nilitaka kujua kama mikono iko kwenye kibodi, basi. Dukani sikuipa nafasi ya kupumzika hata dakika, ndiyo maana haikuganda. Ukiiacha, prosesa, ule ubongo wake, inalala usingizi mzito, inashindwa kuamka. Zipo prosesa za namna hiyo."

Akaandika mstari mmoja kwenye mipangilio ya kuwasha, wa kuizuia isilale kiasi hicho, akaizima na kuiwasha. "Sasa tuiache. Asiguse mtu."

Walikaa nusu saa, mguu wa Amira ukitikisika chini ya kiti. Mama alileta chai na vitumbua, akaondoka bila kuuliza. Hatimaye Amira akashika kipanya. Mshale ukasogea.

"Nisamehe," akasema taratibu. "Nilikuvunjia heshima."

"Nami nina kosa. Vipimo nilimaliza Jumanne. Nilikaa nayo mpaka Jumatano ili upige tena."

"Mshenzi wewe!" Lakini alikuwa anacheka, machozi yanamlenga. Michoro ikamfikia Mzee Manubhai saa saba kasorobo.

Miezi minne wakawa pamoja, wakigombana na kupatana. Jumamosi moja, wakila samaki wa kukaanga pale sokoni Feri, Shukuru akaacha kula.

"Baba mdogo Bakili yupo mjini. Anataka kuja kumsalimia mama. Aje hivihivi, au aje na barua ya posa?"

Amira alitazama vidole vyake vilivyojaa mafuta na pilipili. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakuwa na haraka.

"Nauli ya kuja mara mbili ya nini?" akasema. "Aje na barua."