Uzi Chini ya Sweta

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu, Pahoua Lor alikuwa ameketi kitandani amevaa koti, na hakutoka. Kipindi cha kemia kilianza saa mbili, ng'ambo ya uwanja. Dirishani aliwaona wanafunzi wakikanyaga theluji wawili wawili, hadi uwanja ukabaki mtupu. Wiki mbili zilizopita zilikuwa hivyo hivyo.

Begi lake lilikuwa tayari chini ya kitanda. Ijumaa angepanda basi kurudi kwao Wausau, na chuo kingeishia hapo. Katika ukoo wao wa Wahmong, kabila lililohamia kutoka ng'ambo ya bahari, hakuna aliyewahi kufika chuo kabla yake.

Simu ikalia.

"Umekula wali?" mama aliuliza. Ndivyo walivyosalimiana kwao.

"Nimekula, mama."

Hakuwa amekula. Ukumbi wa chakula ulijaa watu waliojuana, naye hakujua aketi wapi, kwa hiyo alitafuna biskuti chumbani.

Brenna, mwenzake wa chumba, alitoa kichwa nje ya blanketi. "Hilo koti linaenda darasani lini?"

"Naumwa tumbo."

"Tumbo la wiki mbili? Basi una mapacha. Nenda kwa mshauri, pale nyuma ya maktaba."

"Si kwa vichaa kule?"

"Mimi naenda kila Jumatano. Nina kichaa?"

Pahoua alimtazama. "Kidogo."

Brenna alicheka, akamtupia kofia ya sufu. Pahoua akaenda.

Mshauri, Bi. Hutchins, alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Pahoua alimweleza kwamba haendi darasani. Pahoua alipovua glovu, mkono wa sweta ulipanda, na uzi mweupe uliochakaa ukaonekana kwenye kifundo cha mkono. Aliufunika upesi.

"Nani alikufunga uzi huo?"

"Wazee wetu, siku niliyoondoka. Ni ili roho isiachane na mwili. Darasani mtu aliniuliza kama nimetoka hospitali, ndiyo maana naficha."

"Mama yako anajua huendi darasani?"

"Nikimwambia, atasema roho yangu imepotea njia."

"Na wewe unasemaje?"

Pahoua aliushika uzi juu ya sweta. "Nasema ni kweli," alijibu. "Nadhani ilibaki jikoni kwetu."

Bi. Hutchins hakucheka. Alimwambia kwamba upweke wa namna hiyo huwapata wengi, hasa anayetangulia wenzake kwenye njia mpya, na kwamba unatibika. Wangeonana kila wiki. "Ila mimi ni mtu mmoja," alisema. "Unataka kumpigia mama ukiwa hapa?"

Pahoua alipiga.

"Umekula wali?"

"Bado, mama. Sijala wali siku nyingi. Darasani pia siendi."

Pahoua alisikia mama akivuta kiti.

"Mbona hukusema?"

"Mlifurahi sana siku nilipoondoka."

"Sikiliza, mwanangu. Baba yako alipofika nchi hii alijifungia chumbani majira yote ya baridi. Tuliwaambia watu ana mafua. Tulikosea, aliteseka peke yake. Mkono uliofichwa haufungwi uzi. Anayeumwa hasemi amekula, anasema anaumwa." Mama alivuta pumzi. "Jumamosi nitaita roho yako irudi mwilini. Uko na nani hapo?"

"Mshauri wa wanafunzi."

"Usimwache. Mimi nitaita kutoka huku, yeye akusukume kutoka huko. Na begi ulifungue."

"Nani amekwambia kuhusu begi?"

"Mimi nilikuzaa."

Jioni ile alilifungua. Brenna alimshika mkono hadi ukumbi wa chakula, wakaketi meza moja.

Jumamosi mama alisimama mlangoni Wausau, yai na bakuli la wali mbele yake, akaita jina la binti yake. Pahoua alisikiliza kwa simu hadi mwisho.

Jumatatu, saa mbili kamili, alikuwa darasani, safu ya pili, mikono ya sweta imekunjwa hadi kwenye viwiko.