Nilifuta Madaftari ya Bi Mwanasha, Lawama Nikamwachia Kelvin

Jumatatu, tarehe 19 Mei. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na bati la jikoni linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana.

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka thelathini na sita. Naishi Mwabungo na mume wangu na binti zetu wawili. Shule niliachia darasa la nane. Haya niliyaandika kwanza katika daftari langu la kila siku, kwa sababu najijua: nikisimulia kwa mdomo huenda nikajipendelea. Mistari mingi nimeikata. Iliyobaki naamini ni ya haki... ingawa hata hilo sina hakika nalo.

Kwa miaka kumi nilitandika vitanda katika hoteli moja ya Diani. Hoteli ilipopunguza watu nilijiunga na darasa la kompyuta pale Ukunda. Aliyetufundisha ni Kelvin, mtu wa bara, mwenye mke na mtoto, mcheshi, asiyechoka kuulizwa. Sitaki kumsema vibaya hata kidogo. Mtaona kwa nini.

Kikundi chetu cha kina mama kilikuwa na jambo moja kubwa. Bi Mwanasha, mkunga wetu, amezalisha watoto wa Mwabungo kwa zaidi ya miaka arobaini, na kila mtoto alimwandika: jina, mama, baba, siku, na nyumba aliyozaliwa. Madaftari saba! Kijana aliyezaliwa nyumbani akienda kuomba kitambulisho, huulizwa ushahidi kwamba kweli ni mzaliwa wa hapa. Ukurasa wa Bi Mwanasha ulikubaliwa. Wengi wetu tumepata vitambulisho kwa mwandiko wa bibi yule.

Lakini mchwa walikuwa wameanza kuyala madaftari, na paa likayavujia. Tukaamua kuyapiga picha yote na kuyahifadhi katika kompyuta za mbali. Mfadhili mmoja alitupa nafasi huko, Kelvin akatutengenezea programu, na mimi nikachaguliwa kuwa mtunzaji.

Nitawaeleza kama nilivyoelewa. Programu ile inakaa ndani ya kontena, na kontena ni kama chumba cha hoteli. Mgeni akitoka, tunavua mashuka, tunafuta kila kitu, na mgeni mwingine anakikuta kama kipya. Kontena nalo likikwama unaliondoa, na mtambo unaleta jingine papo hapo. Kwa hiyo vitu vya kubaki haviwekwi chumbani. Vinawekwa stoo, yaani diski ya kudumu iliyo nje ya kontena. Chumba kinaipata stoo kwa karatasi inayoitwa ombi la diski.

"Sasa sikiza hapa, Mama Fatuma," Kelvin aliniambia. "Kontena ikikufa, usijali, inajirudisha. Lakini hii ombi usiichezee. Ikifutwa, stoo nayo inaenda na kila kitu. Ndio ilivyokuja. Kabla muweke picha za ukweli, uibadilishe, iseme ibakishwe. Nimekuonyesha, si ndio?"

Alinionyesha. Niliandika kwa mkono wangu. Nimeufungua ukurasa ule leo, upo: "Kumbuka. Badili IFUTWE iwe IBAKISHWE." Chini yake nimeandika bei ya nyanya.

Sikuibadilisha. Kwa nini? Picha zilianza kuingia, kila mtu ana furaha, nikasema kesho.

Tulipomaliza daftari la saba, Bi Mwanasha aliuliza makaratasi yafanywe nini. Kila ukurasa, juu kabisa, alikuwa ameanza kwa Bismillahi. Karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu huwezi kuitupa jalalani, wala kumpa mtu afungie maandazi! Basi tukafanya inavyopasa. Tuliziloweka kurasa katika karai mpaka wino ukatoka, maji yakawa ya buluu, tukayamwaga pembeni mwa ukuta wa msikiti, pasipopita mguu wa mtu.

Nililibeba karai mimi. Bi Mwanasha alikuwa akifuta machozi. Nikamwambia, "Usilie, bibi. Sasa yako mahali hayafi."

Hayafi! Maneno haya yananichoma hadi leo.

Nakala ya pili Kelvin aliniagiza niiweke kwingine kila Ijumaa. Niliiweka Ijumaa mbili, tukiwa bado kwenye daftari la kwanza. Kisha mfungo ukaingia, kazi za jioni zikawa nyingi, nikaacha. Kelvin naye akapata kazi Nairobi. Siku ya kuaga aliniambia mbele ya watu, "Huyu mama sasa ni fundi kunishinda!" Watu wakapiga makofi. Nikavimba kichwa.

Wiki tatu baadaye programu ikaanza kugoma. Inawaka, inazima, inawaka, inazima... Niliondoa kontena, likarudi jipya, likazima tena. Nikafanya hivyo mara tano.

Kumbe diski ilikuwa imejaa tu! Ilitakiwa kuongezwa ukubwa, basi. Ningempigia Kelvin simu angenijibu kwa sentensi moja. Lakini ningeanzaje kumpigia, mimi niliyepigiwa makofi?

Nikafikiri hivi: kontena nikiliondoa linarudi likiwa zima. Basi na ombi la diski nikiliondoa si litarudi likiwa zima? Nikalifuta.

Na hapa, wasomaji, ndipo ninapojihukumu zaidi. Mtambo ulinikatalia! Ombi halikuondoka. Lilibaki limeandikwa kwamba linasubiri, kwa sababu kontena lilikuwa bado linaitumia stoo ile. Lilisubiri karibu nusu saa. Ni kama mtu aliyekushika mkono akuulize: una hakika?

Nikaona ni ukaidi wa kompyuta. Nikaliondoa kontena ili ombi lipite.

Likapita.

Kisha vyote vikarudi, kontena jipya na ombi jipya, rangi ya kijani kila mahali. Nikasema Alhamdulillahi! Nikafungua daftari la kwanza. Tupu. La pili. Tupu. Nikafungua mpaka la saba. Stoo mpya, safi, haina hata karatasi moja.

Nakala zangu za Ijumaa zilikuwa na daftari la kwanza tu. Sita zimekwenda.

Je, ningesema siku ile ile, ingekuwaje? Pengine wangenikasirikia na kunisamehe. Lakini nilifunga kompyuta, nikaenda kupika.

Wa kwanza kuja alikuwa wifi yangu Mwanakombo, dada wa mume wangu, ambaye ua wake na wetu umetenganishwa na makuti tu. Bintiye Riziki ana miaka kumi na minane. Alikuwa amepata nafasi ya kujifunza upishi katika hoteli moja huko Galu, na walimtaka aende na kitambulisho. Siku ya kupigwa msasa mbele ya wazee na maafisa ilikuwa imetangazwa. Ukurasa wake ulikuwa katika daftari la tano.

"Wifi, nitolee ule ukurasa wa mwanao," alisema akicheka. "Tukale biriani ya bure Galu!"

Nikamwambia mtandao uko chini.

Kesho yake nikamwambia mtandao bado. Wiki iliyofuata nikasema umeme. Kila asubuhi nilisikia ufagio wake upande wa pili wa makuti, nikatulia nisikohoe, asijue kuwa nimeamka. Nilikuwa mfungwa katika nyumba yangu mwenyewe! Nikitoka, nakutana na mtu anayeuliza. Nikikaa, nawasikia wakija.

Riziki mwenyewe alikuja mara moja. "Shikamoo, mkaza mjomba. Mama amesema nisikusumbue... lakini ni kesho."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. Nikarudi jikoni.

Alikwenda bila ukurasa, na jina lake likawekwa kando. Wakamwambia angoje kikao kingine, ambacho hakikutajwa siku. Hoteli ikampa nafasi mwingine.

Jioni ile Mwanakombo alisimama mlangoni kwangu. Hakucheka. "Niambie kweli. Makaratasi ya mwanangu yako wapi?"

Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Kelvin alipoondoka hakuacha mambo yamekaa sawa."

Sentensi moja tu. Ukiipima, si uongo mzima. Lile neno IFUTWE aliliacha yeye, ni kweli. Lakini aliniachia nikijua! Nilichagua maneno yangu kama mtu anayechagua samaki sokoni.

Mji mzima ukashika. Mtu wa bara katufutia wazee wetu! Mke wake alikuwa bado Ukunda akishona nguo. Kina mama wetu wakaenda kuchukua vitambaa vyao, ambavyo hata havijakatwa. Kelvin akanipigia simu.

"Mama Fatuma, wanasema nini huko? Niambie tu, hatukosani. Ulifuta ile ombi?"

"Hapana," nikasema.

"Sawa. Basi acha niangalie ni wapi nilikosea."

Wasomaji, heri angenitukana!

Kisha wazee wakaamua isomwe halbadiri. Kwa msiojua, ni kisomo cha kumshitaki kwa Mungu mtu aliyedhulumu, na kwetu watu wanakiogopa kuliko polisi. Kila nyumba ilitoa kitu. Mume wangu, ambaye hakujua lolote, alitoa ubani. Nikaambiwa nikae mbele, kwa kuwa mimi ndiye niliyedhulumiwa kazi yangu.

Hebu niwekeni pale. Mkeka umetandikwa, chetezo kinafuka, Bi Mwanasha kakaa akiwa na macho yake yaliyofifia, na kila anayepita ananipa pole. Wanakwenda kumshitaki Kelvin, na aliyefanya ni mimi. Nikikaa kimya, kisomo kitaangukia wapi? Juu ya mume wangu, juu ya binti zangu? Nikisema, nitaishi wapi?

Shehe alipokohoa ili aanze, nikasimama.

"Msisome. Ni mimi."

Nikasema yote: ombi, nusu saa ile, Ijumaa nilizoacha, na simu ya Kelvin.

Mwanakombo ndiye aliyesema kwanza. "Wiki sita unaniangalia machoni, wifi! Laiti ungenipiga kofi!" Akachukua mtandio wake akaondoka.

Bi Mwanasha alinyoosha mkono akanitafuta mpaka akanishika goti. "Ulisema hayafi," alisema. Basi.

Je, nilisema kwa sababu ya haki, au kwa kuogopa kisomo? Nimejiuliza kila siku tangu hapo. Sijui. Siwezi kudai kuwa ni haki.

Kelvin nilimpigia usiku ule ule. Alisikiliza mpaka mwisho. "Nilijua," akasema. "Mtambo unaandika nani amefuta nini. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe." Mke wake amerudishiwa vitambaa viwili kati ya vingi.

Sasa kila asubuhi nakaa na Bi Mwanasha. Yeye anakumbuka, mimi naandika. Jina la Riziki alilitaja siku ya kwanza, na mvua iliyonyesha akizaliwa. Lakini ofisi wanasema wanataka mwandiko wa wakati ule, si kumbukumbu ya leo. Riziki bado anangoja.

Ndugu zangu, mnaotunza vitu vya watu ndani ya mitambo hii, nawasihi. Kabla hamjaweka kitu cha kweli, tazameni kilichoandikwa kwamba stoo ifanywe nini ombi likifutwa. Nakala wekeni, kisha mzifungue mzione kwa macho. Mtambo ukikukatalia, usiusukume. Na ukikosea, sema siku ile ile... siku ile ile! Kila siku niliyonyamaza niliijenga mwenyewe kuwa ukuta, na ndani yake nikamfungia mtoto wa wifi yangu pamoja nami.

Leo jioni tumekula muhogo wa nazi na vipande vya papa mkavu. Nilipakua bakuli moja nikampa Fatuma apeleke kwa shangazi yake, upande wa pili wa makuti. Kwetu bakuli la jirani halirudi bila kitu, hata ndimu moja. Limerudi tupu, limeoshwa.

Lakini lilipokelewa.