Tofali la Ghorofa ya Kwanza

Kila jioni, akishavua sare za shule, Chiriku alikuwa na kazi moja kabla ya kugusa chakula: kushuka kutoka chumba chao cha juu kabisa na kukagua milango. Mama yake alikuwa msimamizi wa jengo lile la ghorofa tatu, lenye wapangaji wa kila aina na ngazi moja tu. Katika kila ghorofa, kati ya korido ya vyumba na ngazi, palikuwa na mlango mzito wenye springi. Mtu akitoka aliusukuma, naye akishapita ulijifunga wenyewe kwa kishindo, paa! Haukuwa na kufuli.

Wapangaji waliuchukia kama ukoma. Uliwaamsha watoto wachanga na kuwagonga visigino wenye ndoo za maji. Aliyeuchukia kupita wote ni Mama Nondo, fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza, ambaye alitaka wateja waione kazi yake tangu kwenye ngazi. Basi akauwekea tofali, ukabaki wazi kutwa kucha.

"Moto ukitokea, mlango ule ndio unaozuia moshi usiingie kwenye ngazi," Mama alimwambia Chiriku. "Ngazi ikijaa moshi, wa juu hatuna pa kupitia. Kaliondoe tofali, mwanangu."

Jina la Chiriku alipewa na bibi yake kwa sababu ya domo lisilopoa. Jioni moja, alipoinama kulitoa tofali, domo hilo lilinyamazishwa. Nondo, mtoto wa fundi, mwenye mikono minene kama ya mbeba mizigo, alimkaba ukosi, akamgongesha kichwa ukutani na kumtia ngumi ya mdomo.

"Kimbelembele wee! Tofali letu linakuwasha nini?"

"Mama kasema..."

"Mwambie aje mwenyewe!" Ngumi nyingine ikatua tumboni. "Na ukinisemea, kesho nakutoa meno."

Chiriku alipanda ngazi akilamba damu. Alimkuta Mama amelala chali chini ya sinki, akipambana na bomba lililopasuka.

"Umekagua?"

"Nimekagua."

"Na huo mdomo?"

"Nimejikwaa kwenye ngazi."

Tangu siku hiyo hakuligusa tena tofali la ghorofa ya kwanza. Kila jioni alikaa kwenye ngazi akipoteza muda, kisha akarudi na jibu lile lile. Uongo ule ulimsumbua hata akashindwa kula vizuri, lakini ngumi za Nondo aliziogopa zaidi.

Jumamosi moja adhuhuri, Chiriku na Mama walikuwa uani wakianua nguo. Bibi, ambaye nyonga zilimfanya atembee kwa kushika ukuta, alikuwa amelala juu. Ghafla dirisha la fundi lilipasuka, vioo vikamwagika uani, na moto ukachomoza nje ukiunguza pazia.

"Moto! Moto!" Mama alipiga yowe, akaigonga kengele ya jengo kwa nyundo, huku akiwapigia simu zimamoto.

Chiriku alilikumbuka tofali. Kabla mtu hajamshika, alikuwa ameshaingia kwenye ngazi.

Moshi mweusi ulikuwa unafoka kupitia mlango ulioachwa wazi na kupanda juu. Huko juu watu walikohoa, wakalia, wakasukumana gizani. Katikati ya makelele hayo alisikia sauti nyembamba ya bibi yake ikimwita. Akalala kifudifudi, akatambaa hadi mlangoni. Tofali lilikuwa la moto, lilimbabua vidole.

Teke likampata mbavuni. Nondo alikuwa amefika mbio kutoka barabarani.

"Usifunge! Mama yangu yumo!"

"Hauna kufuli! Atausukuma! Bibi yangu yuko juu!"

Nondo alimvuta nywele. Chiriku akamng'ata mkono mpaka akasikia ladha ya damu, kisha akalipiga tofali kwa visigino vyote viwili. Likabiringika ngazini. Mlango ukajibamiza, paa!

Nondo alimrusha ukutani, akaushika mpini aufungue. Chiriku alimng'ang'ania mguu huku akipigwa kichwani. Mtu wa juu alivunja dirisha la ngazi, moshi ukaanza kupungua, wapangaji wakashuka wakiyumba. Mama aliwapita mbio akipanda, kisha akashuka amembeba Bibi mgongoni, akiwapigia kelele watoto watoke.

Ndipo mlango ukagongwa kutoka ndani. Ukafunguka kidogo, mkono wenye malengelenge ukatokeza. Nondo na Chiriku waliudaka kwa pamoja, wakavuta. Mama Nondo aliangukia kwenye ngazi, nguo yake ikifuka moshi, na mlango ukajibamiza mgongoni mwake. Nyuma yake moto ulikuwa unanguruma, lakini ulibaki upande wa pili wa mlango.

Zimamoto walipomaliza kazi, fundi alikiri kwamba aliacha pasi juu ya kitambaa. Chiriku alisimama mbele ya mama yake.

"Mama, sikuwa nikiliondoa tofali. Nilikudanganya."

Mama aliinua mkono kumzaba kibao. Nondo akajiingiza katikati.

"Nilimpiga mimi, mama. Ndiyo maana aliogopa."

Mkono ulishuka. Mama aliutazama ule mdomo wenye kovu, machozi yakamtoka.

"Mwanangu, uongo wako nusura umuue bibi yako. Na moto haukimbiliwi na mtoto. Siku nyingine mwambie mkubwa. Ukipigwa, sema siku ile ile. Lakini msimamizi wa jengo hili ni mimi. Kazi ya kulinda watu wote hawa nilikutwika wewe, nikaridhika kusikia 'nimekagua' bila kwenda kuona. Kuanzia leo nitakagua milango kwa macho yangu, na mpangaji atakayeweka tofali atakutana na mimi."

Baadaye, jengo lilipokwisha kukarabatiwa, mpangaji mgeni alisonya mlango ulipojibamiza. Mama Nondo, mikono bado imefungwa bandeji, alimtolea kichwa kutoka chumbani kwake.

"Uache ujibamize tu, dada. Mimi ulinibamiza mgongoni, na ndiyo maana unaniona hapa."