Mianzi ya Mama na Boma la Kompyuta

Ninyi mnaopita Kawetele kwenda Tukuyu mjini mnaiona nyumba ya mama yangu, ile yenye bati la kutu na ukuta wa mawe nyuma yake. Wengi mmeuliza kwa nini ukuta ule umelala, kama mtu aliyeegemea kiti. Leo nawaeleza, na sifichi kitu, maana aliyekosea ni kaka yangu mwenyewe na ameniruhusu.

Kabla ya ukuta palikuwa na mianzi. Kilima kinashuka mpaka karibu na jiko letu, na marehemu baba alipanda mianzi pale ukingoni ili mizizi ishike udongo. Asubuhi ukikaa pale ulisikia mianzi inagusana, kuku wanaparua chini yake, na mama yangu Tusekile anamenya ndizi huku akimsema ng'ombe kana kwamba ng'ombe kamjibu vibaya. Kaka yangu Lutufyo ni fundi mwashi. Alitoka na mwiko wake na timazi, ile kamba yenye chuma ya kupimia kama ukuta umenyooka, na jioni alirudi na vumbi la saruji kwenye nyusi. Mkewe Dainess alimcheka, "Umezeeka tangu asubuhi." Hatukuwa na kingi, lakini tulikuwa tumetulia.

Miaka ile biashara zilikuwa zimefunguliwa na kila kitu kilikuwa kinaingia. Yalianza mabegi ya mitumba, zikafuata redio, mwisho zikaja kompyuta zilizokwisha kutumika huko zilikotoka. Rayyan, ambaye babu yake alikuja Tukuyu kutoka pwani akishona kanzu, akaweka kompyuta mbili katika chumba cha mbele, palepale palipokuwa na cherehani. Kwenye moja kulikuwa na gemu watu waliloliita Boma.

Nililitazama sana gemu lile, kwa sababu nitakayoisema, kwa hiyo naweza kulieleza. Wanacheza wawili, kila mmoja na kilima chake. Unajenga boma kwa mbao, mawe na vyuma, halafu mnapigana mizinga. Utamu wake ni kwamba kila kitu kilikuwa na uzito. Ukiweka jiwe juu ya mbao nyembamba, mbao inapinda. Ikipigwa nguzo moja ya chini, ghorofa nzima inashuka kipande kwa kipande, kama kweli.

Lutufyo alikwenda pale kumpigia Rayyan lipu. Akatazama mchezo mmoja, mwiko mkononi, mpaka saruji ikakauka kwenye karai. Ndivyo ilivyoanza.

Mwezi wa kwanza alikuwa akipitia akitoka kazini. Mwezi wa pili akawa anapitia akienda, na akishaingia hafiki kazini. Mwalimu mmoja wa Mpuguso aliyemwachia msingi wa nyumba alingoja wiki tatu, akatafuta fundi mwingine. Timazi ikakaa msumarini mpaka buibui akajenga juu yake. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kumwita. Nikifika ananiambia, "Tupokigwe, ngoja nimalize hii." Nami nikikaa kwenye benchi huwa natazama, ndiyo tabia yangu. Nikajifunza mbinu zote za ukuta bila kugusa kitu.

Kisha Rayyan akataka kivuli mbele ya mlango, maana wanaosubiri zamu walikuwa wengi. Akamwambia Lutufyo, "Niletee mianzi, ucheze bure mpaka kiangazi kiishe." Mama alikuwa Igogwe akimuuguza dada yake hospitali. Aliporudi alisimama nyuma ya jiko akaona anga mahali ambapo hakuwahi kuona anga. Mianzi yote ilikuwa imekatwa, na visiki vimeng'olewa kwa sururu kwa sababu Rayyan alitaka na mashina ya kuwa miguu ya benchi.

"Gwe Lutufyo," mama alisema, "mianzi ya baba yako iko wapi?"

"Mama, mianzi huota. Nitapanda mingine."

"Huota, ndiyo. Na kilima kimekubali kuisubiri?"

Ndugu msomaji, simama hapa kidogo uone jambo la ajabu. Mtu huyu kwenye kompyuta hakuwahi hata mara moja kuacha nguzo ya chini bila kuilinda. Vijana walikuwa wakimwita Mhandisi. Nyumbani kwa mama yake akaing'oa nguzo ya chini kwa mikono yake, akaipakia kwenye mkokoteni, akaenda nayo akipiga mluzi.

Mvua zilipoanza, sidii ya Boma ikapasuka. Rayyan aliikalia mwenyewe. Sisi nyumbani tulishukuru, na Dainess akapika pilau siku ya kawaida. Tulishukuru mapema. Kumbe mlevi akinyimwa kilabu chake hutembea mbali zaidi. Lutufyo akaanza kusaka gemu linalofanana na lile. Alipanda gari kwenda Mbeya mara nne, akazunguka maduka yote ya kompyuta akiwaeleza watu kwa mikono, "Nataka la kujenga, lakini liwe linaanguka." Walimpa la kujenga miji, nyumba zake haziangushwi na chochote. Wakampa la matofali yanayoshuka kutoka juu, halina adui. Wakampa la vifaru. Kuta zipo lakini hazijengwi na mtu. Kila akirudi alikuwa na kasoro mpya ya kutueleza wakati wa kula, na sisi tunasikiliza mvua.

Nami nilikuwa nimeona ufa. Ulikuwa juu ya ukingo, mahali palipokuwa na mianzi, mrefu kama khanga iliyotandazwa. Nikapigilia kigingi upande huu wa ufa na kigingi upande wa pili, nikafunga kamba kwenye cha kwanza, na kila asubuhi nikaivuta mpaka cha pili na kupiga fundo pale inapofika. Wiki ya kwanza mafundo yalikuwa yamebanana kama shanga. Katikati ya Machi fundo moja na jingine yaliachana vidole vitatu.

Tulimwomba mama ahame, akalale kwa jirani yetu Mzee Asajile. Akakataa. "Nyumba hii tulijenga na baba yenu. Nihamie wapi, kwenye kompyuta?"

Basi siku hiyo nikafungua kamba, nikaenda mjini. Nilimkuta Lutufyo kwenye gemu la tano, Rayyan kando yake amechoka.

"Hili nalo ngome zake hazianguki," Lutufyo alikuwa anasema. "Zinapungua namba tu, halafu zinapotea. Jengo gani linapotea?"

"Fundi, umekuwa kama mjane," Rayyan akamjibu. "Kila mke tunayekuletea unasema hapiki kama marehemu."

Nikaiweka kamba juu ya meza, mbele ya macho yake.

"Hii nini?"

"Ni ukingo wa nyuma ya jiko. Fundo hili ni mwezi uliopita. Hili ni Jumatatu. Hili ni leo."

Akaishika, akaipitisha vidoleni fundo kwa fundo. Fundi ni fundi. Mkono wake ulielewa kabla ya kichwa. Nikaona uso unabadilika.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia mara tatu. Ulisema ngoja nimalize hii." Kisha nikasema lile nililokuwa nalo moyoni tangu asubuhi. "Kaka, unatafuta gemu lenye uzito, la kujenga na la kuanguka. Lipo nyumbani. Na mama yuko ndani yake."

Rayyan ndiye aliyenyoosha mkono akazima kompyuta, mchezo ukiwa katikati. Akatoka nje, akatazama kivuli chake, akaanza kufungua kamba za mianzi. "Ninyi nyote mnaosubiri zamu," akawaambia vijana, "leo zamu iko Kawetele."

Walikuja kumi na wanne. Walibeba mawe kutoka kijitoni, na Lutufyo akashusha timazi msumarini, akafuta buibui kwa shati. Siku mbili akainua ukuta ulionyooka, safi, na saruji kila mahali kama ukuta wa benki. Siku ya tatu ikanyesha, na asubuhi ukuta ulikuwa umevimba tumbo. Lutufyo akakaa chini kwenye tope. Nilidhani tumempoteza tena.

"Timazi irudishe msumarini," nikamwambia.

"Unasema nini? Ukuta bila timazi?"

"Timazi ni ya nyumba. Nyumba haisukumwi na mtu. Ulipokuwa unamshinda Rayyan, ukuta wako ulikuwa umelala nyuma, unaegemea kilima. Mpana chini, mwembamba juu. Ukiunyoosha ulikuwa unapigwa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nimeona."

Akaniinulia macho. Vijana nyuma yake wakaanza kuguna, mmoja akasema, "Dada anasema kweli, Mhandisi. Hata mimi uliniua na ule uliolala."

Mama akatokea mlangoni na chungu cha maharage, anamwaga maji ya kuchemshia. "Na mimi niulize," alisema. "Huo ukuta wenu hauna tundu hata moja. Mnajenga sufuria? Maji ya kilima yatatokea wapi?"

Wakaubomoa wote. Wakaanza upya, mawe makubwa chini, kila mstari umerudi nyuma kidogo kuliko wa chini yake, na katikati ya mawe wakapachika vipande vya mianzi ile ile ya baba, iliyotobolewa vifundo, iwe mabomba. Ilikuwa kelele kuliko soko. "Weka pana, acha ushamba." "Hilo litapigwa, geuza." Dainess aliwapikia ndizi na maharage kwa sufuria la msibani. Mzee Asajile alipita na jembe begani, akasimama, akatikisa kichwa.

"Ukuta wenu umelewa," alisema.

"Umelala, mzee," Lutufyo akamjibu. "Ukilala hauanguki."

Tulimaliza siku ya kumi na moja. Katikati ya Aprili mvua ikanyesha siku tatu bila kupumzika. Siku ya nne saa tisa mchana, mama akiwa jikoni anapembua maharage, tukasikia kitu kama lori linamwaga kokoto. Ukingo ulikuwa umeachia. Niliuona unakuja, na migomba miwili juu yake imesimama wima kama abiria. Ukafika kwenye ukuta. Mawe yakalia, mlio ambao bado nausikia, na mabomba yote ya mianzi yakatema maji mekundu kwa pamoja, mbali, mpaka kwenye zizi. Lutufyo alikuwa amesimama kwenye mvua mbele ya mlango wa jiko, mikono imetanuka, kana kwamba yeye ndiye angezuia.

Hakuhitajika. Ukuta ulisimama. Jiwe moja tu la juu liliruka, likabingirika taratibu, likasimama kwenye kizingiti mbele ya miguu ya mama. Mama akalitazama, akalisogeza kwa mguu, akalikalia.

"Afadhali," alisema. "Kigoda changu kilikuwa kimevunjika."

Tulicheka mpaka Dainess akaanza kulia, na Lutufyo naye, na hakuna aliyemtania. Mzee Asajile alikuja akitelezateleza, akauzunguka ukuta, akaingiza kidole kwenye bomba moja. Akavua kofia. "Ndaga fijo, asante sana," akamwambia Lutufyo. "Nami nina ukingo nyuma ya nyumba. Nijengee mlevi kama huyu."

Tangu siku ile kaka yangu amejenga kuta zilizolala Kawetele, Mpuguso mpaka Igogwe, na saba kati ya hao vijana wa zamu sasa ni mafundi chini yake. Rayyan alipata sidii nyingine ya Boma, akampigia hodi kwa furaha. Lutufyo akacheza mchezo mmoja, akashinda, akasimama.

"Vipi, hulitaki tena?"

"Ni zuri," alisema. "Ila mawe yake mepesi."

Na nyuma ya nyumba ya mama, juu ya ukuta, mianzi mipya imekwisha kufika kiunoni. Aliipanda Lutufyo mwenyewe.

MAFUNZO

Hadithi hii haisemi gemu ni dhambi. Kama si gemu lile, wala mimi nisingejua ukuta unapaswa kulala. Inasema hivi: mtu akipenda kitu cha kucheza kuliko kilicho chake, atakata nguzo ya nyumba yake ili ajenge kivuli cha mchezo. Na sisi tunaomwona anapotea tusimwite tu kwa makelele. Tukae, tutazame anachokipenda, tupime ufa kila siku, kisha tumwekee kamba mbele ya macho yake. Ujuzi alioupata mahali pabaya bado ni ujuzi. Mrudisheni nao nyumbani, kabla mvua haijafika.