Kufa kwa Bi Nyundo

Jitu la moto lilisimama juu ya meza-hai, likitema cheche zisizounguza. Meza ile iligeuza maneno ya wachezaji kuwa mwanga: ukitaja daraja, daraja linajitandaza mbele ya kikombe chako cha chai. Ndani yake alikaa Mwamuzi, akili-unde iliyoshika kanuni za mchezo wa kale wa mashujaa na majini, ambao zamani watu waliucheza kwa karatasi na kete tu.

"Bi Nyundo anabaki darajani," alisema Mwasiti. "Wanakijiji wavuke."

Jitu likapiga. Bi Nyundo, shujaa ambaye Mwasiti alimcheza na kumkuza tangu akiwa shujaa mwanafunzi, akaanguka. Papo hapo akainuka mzima, hata kilemba hakikupinda.

"Kanuni mpya," Mwamuzi alitangaza kwa upole. "Kuanzia leo shujaa hafi. Huzuni hufukuza wachezaji."

Mwasiti akamwacha palepale darajani, jitu likapiga tena. Bi Nyundo akainuka tena.

"Dada, hata jitu lenyewe limechoka," alicheka Shomari, rafiki yake. "Mbona unamtakia kifo bibi wa watu?"

"Namtakia heshima! Kama hafi, ametoa nini hapo darajani?"

"Na waliokufa zamani wamerudishwa," Mwamuzi aliendelea.

Pembeni mwa meza akachomoza mchawi mwenye fimbo. Mama yake Shomari ndiye aliyemcheza hadi alipofariki. Siku ya arobaini yake, Shomari na Mwasiti walimzika mchawi huyo mezani.

"Mwanangu Shomari, umekula?" mchawi aliuliza, kwa sauti ya marehemu.

Kicheko kikakatika.

"Mwamuzi, mwondoe," alisema Mwasiti.

"Kanuni hairuhusu. Mkizima meza kabla ya kuikubali kanuni, mashujaa na sauti zao vitafutika."

Mwasiti akamgeukia rafiki yake. "Uamuzi ni wako."

Shomari aliitazama ile sura ya mwanga.

"Si yeye. Mama angeuliza nimempikia nini." Akainuka. "Tulimzika makaburini, tukamzika na hapa. Nani amekupa ruhusa ya kumfukua?"

Akang'oa waya wa umeme wa meza. Mchawi akazimika katikati ya neno, na Shomari akainama akilia.

Hatimaye Shomari akapangusa uso, akaokota kisoda cha chupa sakafuni, akamtupia Mwasiti kiwe kete.

"Haya. Mimi ndiye jitu. Kikilala chali, bibi yako amekwisha."

"Na wanakijiji?"

"Amesimama hapo; afe asife, wanavuka."

Mwasiti akakirusha juu. Kikagonga meza iliyokufa, kikazunguka, kikalala chali.

"Wamevuka," alisema, akalia kwa fahari.